Kwa nini dai la bima lililokwisha kulipwa hufunguliwa tena: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wakishapokea fedha za bima huona mambo yamekwisha, maji yamemwagika. Baadaye nyufa zinaanza kuonekana ukutani, au mgongo uliodhaniwa umepona unarudi kuuma, au kampuni yenyewe inapiga simu kusema jalada limefunguliwa upya na ina maswali. Majibu yafuatayo ni kwa ajili ya watu wa aina zote mbili: anayetaka dai lake lifunguliwe, na anayeshtuka kusikia limefunguliwa bila yeye kuomba. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na mkataba wako una maneno yake. Mifano ya kesi na majanga iliyomo humu ni ya kweli.

Dai likishalipwa, si ndiyo limekwisha?

Si lazima. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na karibu kila swali lililo hapa chini linarudi kwenye tofauti hiyo.

Kufunga jalada ni kazi ya ofisini. Ofisa wa madai akiona hakuna malipo yanayosubiriwa wala barua isiyojibiwa, anaandika "limefungwa" kwenye mfumo na kushika jingine. Hakuna haki ya mtu inayokufa kwa kitendo hicho peke yake. Kufunga haki ni jambo tofauti kabisa. Haki hufungwa pale wewe na kampuni mnapokubaliana kwa maandishi kwamba kiasi fulani kinamaliza kila kitu, au mahakama inapotoa hukumu ya mwisho, au muda wa kudai kisheria unapopita.

Kwa hiyo ukiambiwa kwenye simu "dai lako limefungwa", usikate simu ukiwa umekata tamaa. Uliza swali moja: limefungwa kwenye mfumo wenu, au kuna karatasi niliyosaini inayonizuia? Kama ipo, omba nakala. Nimeona watu wakiacha haki yao kwa sababu tu hawakuuliza swali hilo, na kila mara huwa ni jambo la kuumiza.

Ni sababu gani hasa inayofanya majalada mengi yafunguliwe?

Uharibifu uliojificha. Mtathmini wa hasara huona kile macho yanachoweza kuona siku aliyofika, na mara nyingi hafungui kitu.

Chukua gari lililogongwa ubavuni. Mtathmini anapiga picha, anaandika mlango, kioo cha pembeni na rangi. Kampuni inalipa. Fundi akishafungua mlango anakuta nguzo ya katikati ya bodi imepinda, au waya za mfuko wa hewa zimekatika. Hasara hiyo ilikuwapo tangu siku ya ajali, ila haikuonekana. Hapo fundi anatakiwa kusimamisha kazi, apige picha, na kampuni ipewe nafasi ya kutuma mtu aone kabla sehemu hiyo haijafunikwa. Fundi akitengeneza kwanza ndipo aandike bili, ushahidi umekwenda na vipuri vya zamani.

Majengo ni magumu zaidi. Maji yakipasua bomba ukutani, rangi ya juu inaweza kukauka kwa siku chache huku ndani ya ukuta kukiwa bado na unyevu. Ukungu hujitokeza baadaye. Moto nao huacha hasara mahali usipowaka: moshi unaingia kwenye nyaya na mifereji ya hewa, na joto linadhoofisha zege na chuma bila kubadilisha sura yake sana. Tetemeko la Northridge, California, la tarehe 17 Januari 1994, lilifundisha hilo kwa uchungu. Majengo ya fremu za chuma yaliyoonekana yamesalimika yalikuja kukutwa na nyufa kwenye maungio yaliyochomelewa, nyuma ya kuta na mapambo, baada ya wakaguzi kuamua kubandua na kuangalia.

Fundi amesema gharama imezidi ile niliyolipwa. Hilo linatosha kufungua dai?

Inategemea kwa nini imezidi. Kama amekuta uharibifu mwingine uliotokana na tukio lilelile, ndiyo. Kama vifaa vilevile sasa vinauzwa ghali zaidi, mara nyingi inawezekana pia, hasa pale mkataba wako unapoahidi kurudisha mali katika hali yake badala ya kulipa thamani iliyokadiriwa siku ya tukio. Baada ya janga kubwa, bei ya mbao, saruji na ujira wa mafundi hupanda kwa sababu watu wote wanajenga kwa wakati mmoja, na makadirio ya wiki ya kwanza huwa hayana maana miezi sita baadaye.

Lakini kama fundi ameamua kuweka kitu bora kuliko kilichokuwapo, hiyo ni hiari yako na fundi wako.

Nasikia kuna sehemu ya malipo ambayo kampuni huizuia. Ni kweli?

Katika mikataba mingi ya bima ya nyumba, ndiyo, na inasikitisha kwamba watu wengi hawaifuatilii. Kampuni hulipa kwa awamu mbili. Kwanza inalipa thamani ya kitu ikiwa imekata uchakavu: paa la miaka kumi halilipwi kama paa jipya. Ukishatengeneza na kupeleka risiti, unadai ile sehemu iliyokatwa. Wakati huo jalada huenda limeshafungwa kwenye mfumo, kwa hiyo linafunguliwa tena ili ulipwe. Hapo hakuna mgogoro wowote. Mkataba ndivyo ulivyoandikwa.

Angalia mkataba unakupa muda gani wa kukamilisha matengenezo. Muda huo ukipita, sehemu iliyozuiliwa inabaki kwa kampuni.

Nilisaini hati inayosema "malipo kamili na ya mwisho". Bado nina nafasi?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na jibu la kweli ni kwamba mara nyingi huna, lakini si kila mara.

Hati ile ni mkataba mpya. Umebadilishana haki yako ya kudai zaidi na fedha ulizopewa leo, na mahakama nyingi huuheshimu kama mkataba mwingine wowote. Zina sababu nzuri: pasingekuwa na namna ya kumaliza dai, hakuna kampuni ambayo ingekubali kulipa haraka. Kujuta, au kugundua kwamba jirani alilipwa zaidi kwa hasara kama yako, hakuvunji hati hiyo.

Kinachoweza kuivunja ni kasoro iliyokuwapo wakati inasainiwa. Kampuni au mtu wake alikudanganya kuhusu mkataba wako unalipia nini. Ulisainishwa kwa vitisho. Pande zote mbili zilikosea kuhusu jambo la msingi. Au aliyesaini hakuwa na uwezo kisheria wa kusaini.

Hiyo ya mwisho ina mfano unaogusa sana. Nchini Uingereza mwanamke mmoja aligongwa na pikipiki mwaka 1999, akaumia kichwa. Mwaka 2003 alikubali paundi 12,500 kumaliza kesi. Baadaye ikabainika kwamba jeraha la ubongo lilikuwa kubwa kiasi kwamba wakati ule hakuwa na uwezo wa kuamua jambo kama hilo, na kwamba thamani ya dai lake ilikuwa mara nyingi zaidi ya alichopewa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikasema makubaliano yale hayakumfunga, kwa kuwa mtu asiye na uwezo wa kuamua alihitaji makubaliano yake yaidhinishwe na mahakama, na hayakuidhinishwa. Wanasheria wake na wa upande wa pili hawakujua hali yake walipopatana. Hilo halikuokoa makubaliano.

Watoto nao wana ulinzi wa aina hiyo katika nchi nyingi. Mzazi anaweza kupatana na kampuni mezani, lakini bila idhini ya mahakama, mapatano hayo yanaweza kuja kufumuliwa.

Mbali na kasoro, kuna suala la upana wa maneno yenyewe. Soma hati inaachilia nini. Kama imeandikwa "malipo ya uharibifu wa gari", haijaachilia dai la kuumia kwako. Kama imetaja paa na dari, haijataja msingi. Hata maneno mapana sana yana mpaka: mwaka 2001 Baraza la Malordi, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilitoa uamuzi kuhusu wafanyakazi wa zamani wa benki ya BCCI waliokuwa wamesaini kuachilia madai yote "yaliyopo au yanayoweza kuwapo". Benki ilikuja kuanguka, na ikajulikana ilikuwa imejaa udanganyifu uliowachafulia majina waliofanya kazi humo. Majaji wakaona kwamba dai la aina hiyo halikuwa akilini mwa upande wowote siku ya kusaini, kwa hiyo hati haikulifunika. Kesi ile haikuwa ya bima, lakini inaonyesha jinsi majaji wanavyosoma hati za namna hii.

Kupokea fedha ni sawa na kukubali kwamba zimetosha?

Hapana, isipokuwa umesaini hivyo, au malipo yenyewe yamekuja na sharti lililo wazi kwamba ukiyapokea umemaliza. Kiasi ambacho kampuni yenyewe inakubali inadaiwa, unaweza kukipokea huku mkiendelea kubishania kilichobaki. Andika barua fupi siku hiyohiyo: nimepokea kiasi hiki kama malipo ya sehemu, bila kuacha haki yangu ya kudai salio. Tunza nakala. Barua ya mistari mitatu iliyoandikwa kwa wakati ina nguvu kuliko malalamiko ya kurasa kumi yaliyoandikwa mwaka mmoja baadaye.

Majeraha yakizidi baada ya kulipwa je?

Mwili wa mtu haufuati ratiba ya ofisi ya madai, na sheria za nchi nyingi zimelazimika kulikubali jambo hilo, hasa kwenye fidia ya wafanyakazi walioumia kazini.

Jimbo la New York linaruhusu bodi yake ya fidia kurudia kesi iliyofungwa. Mlango unafungwa pale tu miaka 18 inapopita tangu mtu aumie na miaka 8 tangu malipo ya mwisho, yote mawili kwa pamoja. Kuanzia mwaka 1933 jimbo hilo lilikuwa hata na mfuko maalumu wa kesi zilizofunguliwa upya, ili kampuni zisibebeshwe peke yao mzigo wa kesi za zamani. Mfuko huo uliacha kupokea kesi mpya baada ya tarehe 1 Januari 2014. Jimbo la Washington linatoa miaka 7 tangu dai kufungwa, na miaka 10 kwa jeraha la jicho. Kote huko unahitaji ushahidi wa daktari kwamba hali imezidi na kwamba kuzidi kwake kunatokana na jeraha lilelile. Kusema maumivu yanaendelea hakutoshi. Daktari alinganishe vipimo vya siku dai lilipofungwa na vya sasa.

Magonjwa yanayochelewa yana njia yake. Vumbi la asbesto linaweza kukaa kifuani miongo kadhaa kabla ya saratani kujitokeza. England na Wales zina fidia ya muda kwa hali kama hiyo: mahakama inamlipa mtu kwa ugonjwa alionao leo na kumwachia haki ya kurudi iwapo atapata ule mbaya zaidi uliotajwa kwenye hukumu. Mlango unaachwa wazi kwa makusudi tangu siku ya kwanza. Kama unapatana kuhusu jeraha ambalo daktari anasema linaweza kubadilika, mwulize mwanasheria wako kama sheria yenu ina kitu cha namna hiyo kabla hujasaini malipo ya mkupuo mmoja.

Kampuni imefungua dai langu yenyewe. Inatafuta nini?

Mara nyingi si jambo la kutisha. Huenda mkaguzi wa ndani amekuta hesabu ilikosewa, na kukosewa huko kunaweza kuwa kwa faida yako. Huenda mtu mwingine aliyekuwa kwenye ajali ileile ameleta dai lake miezi mingi baadaye, hivyo jalada lililokuwa limelala limebidi liamshwe. Huenda kampuni, ikiwa imekulipa, inataka kuchukua nafasi yako na kumdai aliyesababisha hasara, na inahitaji maelezo yako. Katika hali hii mkataba kwa kawaida unakutaka ushirikiane. Ukijipatia mwenyewe fedha kutoka kwa aliyekugonga na kusaini kumwachilia bila kuiambia kampuni, unaweza kujikuta unadaiwa urudishe ulicholipwa.

Inawezekana pia fedha zilizopatikana kwa aliyekosa ndizo zinazokurudia. Kama ulibeba sehemu ya kwanza ya hasara mwenyewe na kampuni ikafanikiwa kumdai mhusika, uliza kuhusu sehemu yako. Usingoje uambiwe.

Na kama wanadhani nilidanganya?

Basi chukua hatua kwa uzito wote, na usijibu maswali marefu kwa simu kabla hujapata ushauri.

Udanganyifu ndio ufunguo unaofungua karibu kila hati. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya mfanyakazi aliyeumia mgongo mwaka 1998 na kupatana mwaka 2003 kwa paundi 134,973.11. Miaka miwili baadaye majirani zake walitoa taarifa kwamba alikuwa amepona zamani. Kampuni ya bima ya Zurich ikafungua kesi, na jaji akakuta kwamba mtu yule alikuza madhara yake kwa makusudi. Stahili yake halisi ikawekwa paundi 14,720. Alijitetea kwamba kampuni ilikuwa na shaka tangu mwanzo na bado ikalipa. Majaji wa juu walikataa utetezi huo: kushuku hakumaanishi kujua, na anayelipa kwa kuhofia kwamba mahakama itaamini uongo bado ameathiriwa na uongo huo.

Kuna kisa kingine cha Uingereza ambacho watu wengi waliosoma magazeti wanakikumbuka. Mwanamume aliyedhaniwa kuzama baharini na mtumbwi wake mwezi Machi 2002 aliingia mwenyewe kituo cha polisi London mwezi Desemba 2007. Bima ya maisha yake ilikuwa imelipwa. Yeye na mkewe walihukumiwa kifungo mwaka 2008.

Naomba niseme na upande wa pili, kwa sababu unastahili kusemwa. Watu wengi wanaohojiwa hawakudanganya. Walisahau tarehe, walikosea kukadiria, au walisaini fomu iliyojazwa na mtu mwingine. Kukosea si kudanganya, na ni wajibu wa kampuni kuthibitisha nia ya udanganyifu. Leta kumbukumbu zako, eleza kosa lilivyotokea, na usijaribu kuliziba kosa la kwanza kwa maelezo yasiyo ya kweli.

Kampuni ikilipa kwa makosa yake yenyewe, inaweza kudai fedha zirudi?

Inaweza kujaribu, na sheria ya Kiingereza imeiunga mkono tangu mwaka 1841. Katika kesi maarufu ya Kelly dhidi ya Solari, kampuni ilimlipa mjane bima ya maisha ya mumewe, ikiwa imesahau kwamba bima hiyo ilikuwa imekufa kwa kutolipiwa. Majaji walisema fedha iliyolipwa kwa kutojua ukweli inaweza kudaiwa hata kama aliyelipa alikuwa mzembe. Nikisoma kesi ile bado namhurumia yule mjane, ingawa naelewa mantiki ya majaji.

Tangu wakati huo sheria imelainika kidogo. Mwaka 1991 Baraza la Malordi lilitambua kwamba aliyepokea kwa nia njema, na akabadili maisha yake kwa kuzitegemea fedha hizo, ana utetezi. Kama ulishatumia malipo kwenye jambo ambalo usingelifanya bila hayo, sema hivyo na uonyeshe risiti. Na kama kampuni ilijua ukweli wote ikaamua kulipa tu, msimamo wake ni dhaifu zaidi.

Gari langu lililoibwa limepatikana baada ya kulipwa. Ni la nani?

Kwa kawaida ni la kampuni, kwa kuwa ulipopokea thamani yake yote uliihamishia haki ya umiliki. Ukilitaka, kampuni nyingi hukubali mrudishiane. Toa taarifa mara tu unapojua. Kukaa kimya ndiko kunakogeuza jambo jepesi kuwa kesi ya udanganyifu.

Kwa nini baada ya majanga makubwa madai hufunguliwa kwa maelfu?

Kwa sababu majanga hufanya kila udhaifu wa kazi hii utokee mara moja. Watathmini hawatoshi, wanaletwa wapya wasiojua majengo ya eneo, kila mmoja anapewa nyumba nyingi kwa siku, na wenye nyumba wanasaini wakiwa wamechoka na wanaishi kwa ndugu. Hapo ndipo naamini lawama haipaswi kuelekezwa kwa mteja anayerudi kuomba zaidi. Tathmini ya haraka ilikuwa msaada, na ni haki irekebishwe.

Baada ya Northridge malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba bunge la California lilitunga sheria mwaka 2000 iliyofufua madai ya tetemeko lile kwa mwaka mmoja kuanzia tarehe 1 Januari 2001, ingawa muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Angalia sheria hiyo ilimwacha nani nje: waliokwisha kupata hukumu ya mwisho, na waliosaini mapatano ya maandishi huku wakiwa na wakili wao. Aliyesaini peke yake, bila wakili, aliruhusiwa kurudi. Bunge lilitofautisha jalada lililofungwa na haki iliyofungwa, na likaongeza kwamba haki hufungwa vizuri pale tu mtu alipojua anachofunga.

Kimbunga Sandy kilipiga pwani ya New Jersey tarehe 29 Oktoba 2012. Bima ya mafuriko Marekani iko chini ya mpango wa serikali, na baada ya tuhuma kwamba ripoti za wahandisi zilikuwa zimebadilishwa ili kupunguza malipo, shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia majanga, FEMA, lilianza mwaka 2015 kuwaandikia wateja wapatao 142,000 kwamba wanaweza kuomba dai lao lipitiwe upya. Zaidi ya 19,000 waliomba. Wengine wote walinyamaza, na sidhani kila mmoja wao alikuwa ameridhika. Barua ya bima inayokuja miaka miwili na zaidi baada ya msiba hutupwa kwa urahisi.

Christchurch, New Zealand, ina somo jingine. Matetemeko ya tarehe 4 Septemba 2010 na 22 Februari 2011 yalifuatiwa na mpango mkubwa wa matengenezo ulioendeshwa na tume ya serikali ya matetemeko, EQC. Kule dai lilimalizwa kwa nyumba kutengenezwa, si kwa fedha tu. Kisha maelfu ya familia zikarudi kusema sakafu bado imeinama, misingi haikuangaliwa chini, nyufa zilizibwa kwa rangi. Nyumba nyingine zilikuwa zimeshauzwa, na mnunuzi ndiye aliyegundua. Mwaka 2019 serikali ikaweka utaratibu maalumu kwa ajili ya wanunuzi hao. Kwa hiyo ukimaliza dai kwa matengenezo, ukaguzi wa fundi asiyehusika na kazi ile ni sehemu ya dai lako. Usisaini kwamba kazi imekamilika hadi mtu ameingia chini ya sakafu.

Nina muda gani wa kuomba?

Mara nyingi muda ni mfupi kuliko unavyodhani, na unaweza kubadilika. Florida, jimbo linalopigwa na vimbunga kila mara, liliwahi kutoa miaka kadhaa. Sheria ya Desemba 2022 ilipunguza hadi mwaka 1 kwa dai jipya au la kufunguliwa upya, na miezi 18 kwa dai la nyongeza. Unaona hapo sheria inatenganisha vitu viwili: kufungua upya dai lililofungwa kwa hasara iliyokwisha kutajwa, na kuongeza hasara mpya ya tukio lilelile. Tafuta kwenye mkataba wako na kwenye sheria kama kuna tofauti ya aina hiyo, maana kutumia jina lisilo sahihi kunaweza kukupotezea miezi.

Vyombo vya kusuluhisha malalamiko vina saa yao pia. Ofisi ya msuluhishi wa masuala ya fedha Uingereza hutaka upeleke lalamiko ndani ya miezi 6 tangu kampuni itoe jibu lake la mwisho. Kuendelea kuandikiana na kampuni baada ya jibu hilo hakusimamishi saa.

Je, ada yangu itapanda nikiomba lifunguliwe?

Kiasi kikiongezeka, historia yako ya madai inabadilika, na kampuni inaweza kulizingatia wakati wa kuhuisha. Hiyo si sababu ya kuacha fedha ambazo tayari ulizilipia kwa ada za miaka iliyopita.

Kampuni hazifilisiki zikifunguliwa madai ya zamani?

Zinajiandaa. Wataalamu wa hesabu za bima hutenga akiba kwa madai yaliyopo, kwa yaliyotokea lakini bado hayajaripotiwa, na kwa yale yaliyofungwa ambayo uzoefu unaonyesha sehemu yake itarudi. Hutazama miaka iliyopita: kati ya madai yaliyofungwa mwaka fulani, mangapi yalifunguliwa, baada ya muda gani, na yaliongezewa kiasi gani. Kwa hiyo ofisa akikuambia kwamba dai lililofungwa haliwezi kufunguliwa kabisa, kumbuka kwamba vitabu vya kampuni yake kwa kawaida vina akiba kwa ajili ya jambo hilohilo.

Niandike nini kwenye barua ya kuomba?

Andika kwa ufupi. Namba ya dai, tarehe ya tukio, tarehe uliyolipwa na kiasi. Kisha eleza ni nini kipya: si kwamba hukuridhika, bali umegundua nini, lini, na nani aliyekiona. Ambatanisha picha zenye tarehe, ripoti ya fundi au daktari, na makadirio ya gharama yaliyochambuliwa kitu kwa kitu. Omba wakague kabla ya kutengeneza, na taja siku unazopatikana. Kama kuna jambo la dharura, mfano paa linalovuja, zuia hasara isiongezeke, kwa sababu mkataba unakutaka ufanye hivyo, lakini tunza vilivyoondolewa.

Omba jibu la maandishi lenye sababu. Ukijibiwa "hapana", waambie wataje kipengele cha mkataba au maneno ya hati wanayotegemea. Jibu lisilotaja kipengele chochote ndilo la kupeleka kwa msuluhishi au mwanasheria, pamoja na barua yako na nakala ya ile hati uliyosaini.